Kilio kinamungoja mwana wa safari

Ndugu wa shirika letu waliniomba niandike juu ya desturi moja yenye ingali hai mu muji wetu wa Lubumbashi. Wengine wanaandika juu ya mahari na juu ya majina ya mapacha. Mimi nimechagua kilio, lakini kilio cha namna moja tu: kile chenye kungoja mutoto mwenye hakukuwako siku ya maziko. Siku hizi hakuna lupango lenye halina mutoto ngambo, na hakuna lupango lenye kifo hakipiti. Kwa hiyo jambo hili linatugusa wote, hata kama tunapenda zaidi kuongea juu ya valizi zenye mutoto anarudi nazo.

Nitaeleza mambo ya mwipwa wangu, mutoto wa dada yangu mukubwa. Alikubali niandike, lakini jina lake nimeliacha. Kwetu Babemba wa upande wa Kasenga, kando ya Luapula, mwipwa si mutoto wa mbali. Yeye ni wa ukoo wa mama yake, maana yake wa ukoo wangu, na mimi ni yama wake: nina neno juu ya ndoa yake, juu ya safari yake, juu ya ugonjwa wake. Lakini baba yake alikuwa Muluba wa Kabongo, na kwao mutoto ni wa baba. Mbele ya maneno kuanza, tofauti hii inaonekana kitu kidogo. Mutaona kama si kidogo.

Vijana wanafikiri ni wao walivumbua njia ya kusini. Sivyo. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikitoka Rhodesia, na muji wenyewe ulizaliwa mwaka ule. Mashini, unga, barua na wafanyakazi, vyote vilipitia kule. Mpaka leo, mwenye kutoka kwetu kwenda Kinshasa kwa motokari atateseka wiki nyingi, lakini mwenye kuvuka Kasumbalesa anakuta barabara ya lami mpaka Cape Town. Watoto wa wenye uwezo wanapanda ndege kwenda Ubelgiji ao Canada. Watoto wa Katuba na wa Kenya wanapanda bisi: Kitwe, Ndola, Lusaka, daraja la Chirundu juu ya Zambezi, Harare, kisha Beitbridge na mutoni Limpopo. Zaidi ya kilometa 2.000, siku mbili ao tatu, miguu inavimba mpaka viatu vinakataa.

Mwipwa wangu alipita njia hiyo mwaka 2014. Alikuwa na miaka 20 na diploma ya Serikali yenye haikumupatia kazi hata ya kuhesabu makasha. Baba yake aliacha kazi ya mugodi mwaka 2003 pamoja na maelfu ya wenzake, akawa mulimaji wa mahindi nje ya muji. Muzee alimuonyesha mutoto mukono wake wenye kukauka, akamuambia: “Huu hautakulipia universite.” Akauza mifuko yake ya mahindi juu ya kununua tiketi. Nauliza wale wenye kusema kama watoto wanakimbia mila: mutoto huyu alikimbia nini? Alitumwa.

Na maisha yake kule yalikuwa namna gani? Hapa nafasi ya kusema ukweli ni kubwa, maana mu masomo yangu nimeona wanafunzi wakiandika kama shangazi wa Canada anakula kuku kila siku. Mwipwa wangu alifikia Johannesburg, mu mutaa wa Yeoville, penye Wakongomani ni wengi mpaka mutu anaweza kununua sombe, bitoyo na kapenta kwenye soko bila kusema hata neno moja la Kiingereza. Chumba kimoja kiligawanyika kwa pazia: watu watano, kila mutu na godoro lake na sufuria yake. Saa kumi ya usiku anaamuka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kulinda motokari mbele ya maduka: unavaa koti ndogo yenye kungaa, unamuonyesha mwenye kuendesha pahali pa kusimama, unalinda, na akitoka anakupa randi mbili, ao tano, ao anafunga kioo na kwenda zake. Mushahara hakuna. Mu mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi kule inageuza majani kuwa meupe. Sisi wa Lubumbashi tunajua baridi ya mwezi wa saba, lakini ya kule, anasema, inaingia mu meno.

Kisha kuna karatasi. Sawa vile wengi, alipewa karatasi ya mwenye kuomba kimbilio. Wakati ule iliruhusu kufanya kazi, lakini muda wake ulikuwa mufupi, ilikuwa shurti kurudi tena na tena kuirefusha, kupanga mustari toka usiku. Na mwenye kubeba karatasi ile akirudi kwao, anaweza kuipoteza, kwani watamuuliza: kama ulikimbia kwenu, sasa unarudi kufanya nini? Tafazali, wasomaji, mulikumbuke jambo hili la karatasi. Mu familia nyingi halijulikani, na ugomvi mingi unatoka pale.

Aliishi vilevile na woga. Mu mwezi wa tano 2008, mbele yeye afike, watu 62 waliuawa kule mu fujo ya kuchukia wageni. Mwaka 2015 fujo ilianza tena, na yeye alikuwako. Siku sita hakutoka mu chumba. Mama yake alipomuita kwa telefone, alimuambia ana mafua kidogo. Alijifunza Kizulu upesi upesi, si kwa mapendo ya luga, lakini juu mutu asisikie Kiswahili yake mu taksi.

Sasa kifo. Baba yake alikufa mu mwezi wa tano 2018, kwa ugonjwa wa siku chache. Kilio kilikaa mu lupango lao la Katuba kama kawaida yetu: viti na meza vikatolewa mu salo, wamama chini kwenye mikeka, wababa inje wakizunguka mbabula, na kijana mumoja kwenye mulango na kaye akiandika michango: jina, franka ngapi, mufuko gani wa unga. Mwipwa wangu alituma dola 300. Ndiyo ilinunua jeneza. Siku ya maziko mudogo wake alishika telefone juu ya vichwa vya watu ili kaka aone. Aliona jeneza, aliona migongo, na pale udongo ulipoanza kuanguka picha ikasimama. Reseau ilikufa. Yeye kule alibaki akiangalia mugongo wa mutu asiyemujua mpaka telefone ikazimika.

Usiku ule wenzake wa Yeoville walimukalia kilio. Mutu anaweza kucheka, lakini mimi naona ni jambo kubwa: vijana wenye hawana hata kiti waliketi chini, wakachanga randi kumi kumi, wakaimba kwa sauti ya chini juu jirani wa chumba cha juu alikuwa amegonga mara mbili. Saa kumi wakaamuka, kila mutu kwenda kazini. Yeye pia.

Huku kwetu maneno yalianza mbele hata mikeka haijarudishwa. Baba yake mudogo, yaani ndugu ya marehemu, alisema wazi: “Feza hailie. Mutoto wa kwanza haoni kaburi ya baba yake? Wengine banapita mu pori, banavuka Limpopo na miguu. Yeye, nini?” Dada yangu alinyamaza, mujane hana neno siku zile. Mimi nilieleza mambo ya karatasi. Nilieleza Kifaransa na Kiswahili. Baba mudogo alinisikia vizuri, kisha akasema: “Mwalimu, umesoma sana. Lakini karatasi haizikake mutu.”

Nafikiri wote wawili tulikuwa na sababu. Kilio ni kazi ya mwili. Unalala chini, unakula bukari ya watu mia, unavuta moshi wa mbabula, macho yanakuwa mekundu hata kama hukulia. Mwenye kutuma feza hakufanya kazi hiyo, na feza haiwezi kuifanya pa nafasi yake. Lakini mwenye kuzuiwa na karatasi si mwenye kukataa. Ugumu ni kwamba mu kesi kama hii tunajua kulaumu tu. Mutu wa kusema namna deni hilo linalipwa ni haba.

Miaka ikapita. Alioa binti wa kule, Muvenda wa upande wa Thohoyandou, na kupitia ndoa akapata kibali cha kukaa chenye kinamuruhusu kutoka na kurudi. Mwezi wa saba 2023 akatuandikia: tunakuja, mimi na bibi, wiki tatu. Mutoto wao mudogo atabaki na mama ya bibi.

Hapo ndipo muzozo ulipoanza. Vijana wa familia walikuwa tayari wanapanga: makasha ya Simba, muziki, tisheti zenye picha yake, kama vile wanamupokea mubunge. Siku hizi ni mutindo huo, na mimi sipendi. Mutoto anatelemuka ku bisi, wanamurekodi video mbele hata ya kumusalimu mama yake. Dada yangu yeye alitaka tu mutoto aoge, ale, alale. Baba mudogo akasema hapana: toka bisi mpaka makaburi, bila kunywa hata mayi. “Asikanyage lupango ya kaka yangu sawa mugeni wa kucheza.”

Dada yangu akalia: “Siku tatu mu bisi! Munataka kuniulia huyu naye?”

Upande wa baba wanasema neno lao, upande wa mama tunasema letu, na kila upande unataja kabila lake. Tulikesha pale. Mwenye kukata maneno alikuwa nkambo wetu, shangazi wa marehemu, mwenye kupita miaka themanini na mwenye kusikia na sikio moja tu. Aliuliza: “Mutoto anakuya na nini?” Tukamuambia: na bibi yake na valizi. Akasema: “Mayi mumupe. Mutu wa safari habamukataze mayi. Lakini ile mizigo isiingie mu nyumba. Ilale kwa jirani. Anakuya kwa baba yake kwanza mikono mitupu.”

Siandiki kama hiyo ni sheria ya Baluba ao ya Babemba. Ilikuwa busara ya muzee mumoja, usiku mumoja. Lakini wote tulisikia kama neno limeketi pahali pake, na hata wale wa tisheti hawakuongeza kitu.

Bisi ilichelewa mupakani, walifika usiku kabisa. Wakapewa mayi ya kunywa na mayi ya moto ya kuoga, wakalala kwangu. Valizi tatu na fuko moja kubwa la blanketi vililala kwa jirani, na jirani yule, mutu wa heshima, alifunga chumba na kumupa nkambo ufunguo.

Asubuhi tulienda kwenye makaburi, watu nane. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita mule, majani yalikuwa majivu. Kaburi lilikuwa na musalaba wa chuma, jina lake limeanza kufutika. Mwipwa wangu alisimama, kisha akapiga magoti, akaanza kupangusa majivu na mikono. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mutu mwenye kutoa ripoti: “Baba, ni mimi. Nilikuwa kazini. Karatasi ilinizuia. Nilioa. Mutoto nilimupa jina lako, na ni binti, utanisamehe.” Baba mudogo alikuwa amebeba pemba mu karatasi ya sukari. Akaisaga kati ya vidole, akamupaka kwenye paji la uso na kwenye mikono yote miwili, na udongo ule mweupe ukachanganyika na majivu. Akamuambia: “Basi. Ingia kwenu.”

Kwenye mulango wa lupango kulikuwa ndoo ya mayi, tukanawa kama siku ya maziko yenyewe. Viti vilikuwa vimetolewa mu salo. Mikeka ilikuwa chini. Na hapa kulikuwa jambo lenye hakuna mutu alilitazamia. Bibi yake, Muvenda yule, mwenye watu walikuwa wamesema toka zamani kama wanawake wa kule hawana heshima, wanavaa suruali, wanabishana na mume, alimuona mama mukwe kwenye mukeka, akashuka chini, akalala kwa ubavu, viganja vyake pamoja, macho chini, akasema: “Aa.” Neno hilo moja tu. Ndiyo salamu ya wanawake wa Kivenda kwa mutu mukubwa. Sisi tunajua kupiga magoti. Kulala chini kabisa kwa kusalimu, wanawake wetu wa muji waliisha kuiacha zamani, kama waliwahi kuijua. Salo nzima ilinyamaza. Kisha nkambo akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia: “Huyu ni mutoto wa nani? Bamufundisha muzuri!” Dada yangu akamushika mukono, akamuketisha karibu naye, na toka pale kilio kikaanza kweli.

Usiku ule walikuja jirani wengi kuliko tulivyofikiri, hata wale waliokuwako mwaka 2018. Mbabula tatu, chai, karanga za kukaanga. Na walikuja watu wa utani, wenye sisi Babemba tunawaita banungwe, wale wa koo zenye kuchezeana na ukoo wetu. Kazi yao mu kilio inajulikana: kuchekesha wenye uchungu, kuiga marehemu, kudai feza bila haya. Mumoja wao, mubaba munene, alivua ndara yake, akaishika juu sawa telefone, akajifunika blanketi kama mutu wa baridi, akaanza kulia: “Alo! Baba! Geuka kidogo, sikuone! Alo! Reseau! Munizikie polepole, nina unite kidogo!” Kisha akaacha ndara ikaanguka, akabaki amesimama, mukono juu, akiangalia kiganja kitupu.

Watu walicheka mpaka kukohoa. Mwipwa wangu alicheka pia, alishika tumbo, na mu kicheko kile kile sauti ikageuka. Alilia kama saa nzima. Baba mudogo alisogeza kiti chake, akamuwekea mukono mugongoni, na hakusema kitu. Nimehudhuria vilio vingi. Sijaona munungwe mwengine mwenye kufanya kazi yake vizuri namna ile, na asubuhi tulimulipa bila kubishana.

Mbele ya watu kutawanyika, nkambo aliomba ile kaye ya 2018. Dada yangu alikuwa ameichunga mu sanduku pamoja na kitambulisho cha mume wake. Mistari mitatu ilikuwa imebaki tupu chini ya ukurasa wa mwisho. Yule kijana aliyeandika wakati ule, sasa ni baba wa watoto wawili, akaandika jina la mwipwa wangu, tarehe ya 2023, na mbele yake: “amelala kilio, usiku 1.” Dola 300 zilikuwa tayari kwenye ukurasa wa kwanza.

Siku ya tatu ndipo valizi zilifunguliwa. Sitakawia hapo. Blanketi, makoti, viatu, telefone za mukono wa pili. Wengine waliridhika, wengine waliuliza ni hivi tu. Mumoja alirudisha viatu juu namba si yake, akavichukua tena jioni. Baba mudogo alipewa koti nzuri, akachagua blanketi.

Wiki mbili zilizobaki, kijana aliishi kama mutu wa kwao. Umeme ulikatika, akacheka: mwaka ule hata Johannesburg ulikatika kila siku kwa saa nyingi, na kule watu wanakasirika zaidi juu hawajazoea. Tukanywa munkoyo mbele ya nyumba yangu, akanieleza yale ya mafua ya 2015. Sasa anatengeneza telefone mu chumba kidogo chenye anakodi na wenzake wawili. Nilimuuliza kama atarudi kuishi kwetu. Akajibu: “Yama, bibi yangu naye ako na baba na mama. Bakikufa, ni yeye atalala chini.” Sikuwa na jibu. Mbele ya kwenda alimupa mudogo wake feza ya kuandikisha upya jina kwenye musalaba, na kazi hiyo ilifanywa mwezi uleule.

Safari ya kurudi walibeba kapenta, finkubala za kukauka na mizizi ya munkoyo. Tangu siku ile wanaitana kila siku ya Mungu, kisha ibada. Mutoto wa miaka midogo anapita mbele ya kioo akikimbia, anaonekana paji la uso tu. Mukwe anasema: “Yambo, mama,” polepole, kama mutu mwenye kuvuka mutoni juu ya mawe. Na dada yangu, mwenye hajawahi kuvuka hata Kasumbalesa, anainamisha kichwa mbele ya telefone na kujibu: “Aa.”